Tuliomba Kupunguza Sauti ya Adhana, Mbona Sebuleni Tunaipandisha?



Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi, tuanze na jambo ambalo wengi wetu tunalikumbuka. Mwezi Machi 2018 wakuu wa wilaya ya Nyarugenge, jijini Kigali, walizuia misikiti kuadhini kwa vipaza sauti, wakisema vinawasumbua wakazi. Waislamu walilalamika, na ni haki yao. Lakini kati ya malalamiko yale lilikuwemo jibu moja la busara: badala ya kuzima kabisa, tuachieni tupunguze sauti. Sisi huku Gisenyi tulilipenda jibu lile. Tulisema hao ndio watu wenye adabu, wanaojua kwamba jirani ana haki hata kama si wa dini yao.

Sasa tujiulize wenyewe bila kuoneana haya. Pita leo Majengo au Mbugangari baada ya sala ya Isha. Ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na mabati yamegusana. Unasikia nini? Unasikia besi! Nyumba ya Muislamu, tena mwenye watoto madrasa, inanguruma mpaka vikombe vya jirani vinalia kabatini. Adhana ya dakika chache tulikuwa radhi kuipunguza. Filamu ya saa mbili usiku hatupunguzi. Hii ni haki kweli?

Tunaandika haya kwa sababu saundiba zimeingia majumbani mwetu kwa kasi, na wazazi wanatuuliza ipi nzuri. Hatuingii hapa katika hukumu ya filamu na muziki, hilo lina darsa lake. Tunazungumzia chombo chenyewe: tunakichagua kwa kipimo kibaya, na ubaya wa kipimo hicho anayeulipia ni mtu wa upande wa pili wa ukuta.

KISA CHA BOKSI

Mzazi mmoja alitualika walimu wawili baada ya Alasiri. "Mwalimu, njooni msikie, sasa nimepata sinema kamili nyumbani." Boksi lilikuwa bado mlangoni, limeandikwa 5.1 na wati 1200. Alitoa karibu faranga laki tatu. Tulimwomba, kabla ya yote, atuwekee darsa ya Kiswahili kutoka kwenye flashi. Jamani! Sheikh alikuwa anazungumza kama mtu aliye ndani ya pipa. Besi ilikuwa nene, maneno yamemezwa. Mzazi akaongeza sauti ili maneno yasikike. Maneno hayakusikika vizuri zaidi, ila mtoto mchanga wa nyumba ya pili alianza kulia.

Huo ndio ugonjwa wenyewe. Chombo kisichotoa maneno wazi kinakulazimisha upandishe sauti, na ukipandisha, kinachovuka ukuta ni besi.

WATI ZA BOKSI NI ZA KUUZIA

Kwanza, namba kubwa ya boksini mara nyingi huitwa PMPO, yaani nguvu ya kufumba na kufumbua. Haina kanuni moja inayokubaliwa na wote, kila muuzaji anaweza kuipandisha apendavyo. Namba yenye maana ni RMS, nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo. Kama saundiba inatumia adapta, soma maandishi yake na ufanye hesabu ya darasa la sita: volti mara ampea. Adapta ya volti 19 na ampea 3 inatoa wati 57. Basi hizo wati 1200 zitatoka wapi? Kwa muujiza?

Pili, hata wati za kweli zikizidi mara mbili, sauti inapanda kwa desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji karibu mara kumi ya nguvu. Kwa sebule ya hatua nne kwa tano, wati chache za kweli zinatosha kabisa. Anayelipia zaidi kwa ajili ya wati analipia fahari, na dini yetu imetukataza israfu hata katika mambo ya halali.

NAMBA ZA 5.1 NA NDUGU ZAKE

Namba ya mwanzo ni idadi ya njia za sauti zinazokuzunguka, ya pili ni sabufa, na ikiwepo ya tatu ni spika zinazorusha sauti juu darini. 5.1 ya kweli ina spika mbili nyuma ya wasikilizaji. Saundiba isiyo na spika za nyuma inaigiza tu, kwa kurusha sauti kwenye kuta za pembeni ili irudi. Sebule zetu upande mmoja una pazia na mlango wazi, upande wa pili kabati. Sauti itarudi kutoka wapi?

Na hizo za kurusha juu, ndiyo teknolojia ya Dolby Atmos iliyoanza kwenye majumba ya sinema mwaka 2012 na kuingia majumbani mwaka 2014, zinataka dari bapa, gumu, lisilo juu mno. Nyumba nyingi kwetu hazina dari, ni mabati juu ya mbao, na mvua ya Gisenyi ikianza hakuna spika itakayoishinda.

Tena tuulize: tunatazama nini hasa? Vijana wetu wanatazama agasobanuye, zile filamu ambazo mtu mmoja anaeleza kwa Kinyarwanda juu ya sauti zote. Kwa kawaida sauti yake imechanganywa na filamu kwenye njia mbili, basi. Ukiipeleka kwenye saundiba ya njia tano, chombo hakiwezi kuzaa kisichokuwemo.

Kama ni lazima uchague namba, sisi tungetazama 3.1 kabla ya 5.1 ya kuigiza. Sababu ni moja: ina spika ya katikati, na katika filamu zilizotengenezwa kwa njia nyingi maneno ya watu hupitishwa zaidi hapo katikati.

BESI HAIHESHIMU UKUTA

Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta na pazia. Besi haizuiliwi hivyo. Wimbi la mtetemo wa hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, ukuta wa tofali moja si kitu mbele yake. Ndiyo maana jirani hasikii kisa cha filamu yako, anasikia mngurumo tu, bila kujua unatoka wapi na utakwisha lini.

Na mji wetu si kama miji mingine. Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku zilizofuata ardhi ilitetemeka hapa Rubavu mpaka nyumba zikapasuka na watu wakalala nje. Januari 2025, vita vilipoifikia Goma, makombora yaliangukia upande wetu na watu wakafa. Kuna watoto katika mitaa hii ambao kishindo cha usiku kwao si burudani. Sasa wewe unawasha filamu ya vita saa nne za usiku, sabufa umeiegemeza kwenye ukuta mnaochangia, na mtoto wa jirani anaingia chini ya kitanda. Siku ya Hesabu tutasema nini? Kwamba ilikuwa 5.1?

Hata wa ndani hawako salama. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto asizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, na mtu mzima 80. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama unapungua nusu. Na mwanafunzi wa mitihani ya taifa aliye nyumba ya pili, yeye hakununua saundiba lakini anaisoma pamoja na hesabu zake.

WANAOTUPINGA

Wako wanaosema: "Nyumba ni yangu, pesa ni zangu." Nyumba ni yako, ndugu yetu, lakini hewa ya kwa jirani si yako. Mtume (S.A.W.) ameifanya amani ya jirani kuwa sehemu ya imani, na hakusema jirani Muislamu peke yake.

Wako wanaosema: "Mimi naweka Qur'an na mawaidha." Hii ndiyo hoja ngumu, tena nzuri, lakini haiwatoshi. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba Mtume (S.A.W.) akiwa katika itikafu aliwasikia watu wakisoma kwa sauti kubwa, akawakataza wasiudhiane na wala mmoja asiinue sauti juu ya mwenzake katika kusoma. Ikiwa hivyo ndani ya msikiti, tena kwa Qur'an yenyewe, sabufa imepata ruhusa wapi?

Na wako wenzetu walimu wanaosema dawa ni kupiga marufuku saundiba zote. Hapo nao hatuko pamoja. Spika za televisheni bapa za leo ni ndogo, tena nyingi zinatazama chini au nyuma. Bibi mwenye masikio mazito hasikii taarifa ya habari, na familia inapandisha sauti mpaka mwisho. Saundiba nzuri inaweza kuwafanya wote wasikie kwa sauti ya chini. Kosa liko kwenye kipimo tunachonunulia.

KIPIMO CHETU

Basi mkienda dukani, iwe hapa mjini, Kigali au Goma, fanyeni hivi:

1. Chukueni flashi yenu yenye darsa au habari, sauti ya mtu anayezungumza. Msikubali ile video ya muuzaji, imetengenezwa kumeremeta.

2. Wekeni sauti chini, kiasi cha watu wawili wanaoongea. Rudini hatua nne. Mpeni mtoto kalamu na karatasi aandike imla ya anachokisikia. Akikosa maneno, rudisheni chombo kwenye rafu, hata kama kina wati elfu mbili.

3. Shusheni besi mpaka mwisho. Je, rimoti inaweza kuipunguza sabufa peke yake? Kama haiwezi, msinunue.

4. Tafuteni kitufe cha usiku, kinachopunguza vishindo na kuinua maneno. Kijaribuni hapo hapo.

5. Angalieni televisheni yenu ina tundu gani. HDMI yenye maandishi ARC au eARC ndiyo bora. Waya wa mwanga unapitisha 5.1 ya kawaida lakini haupitishi Atmos, basi msilipie msichoweza kukitumia.

Mkifika nyumbani, sabufa ikae mbali na ukuta wa jirani na mbali na pembe, maana pembe inaikuza besi. Iwekeni juu ya kitu laini.

Kisha kuna kipimo cha mwisho, na hiki hakipo kwenye boksi lolote. Washeni filamu kwa sauti mnayoitaka, baba au mama atoke, apige hodi kwa jirani, atoe salamu na aulize: "Mnatusikia?" Akisema anasikia, rudini mpunguze mbele yake mpaka aseme basi. Hapo pawekeni alama, na watoto wajue kwamba baada ya Isha hapavukwi.

Mwaka 2018 tulitaka wenye mamlaka waamini kwamba Waislamu wanaweza kupunguza sauti wenyewe bila kulazimishwa. Rimoti iko mkononi mwetu. Tuwaonyeshe.

Wabillahi Tawfiq.