Ngoma za Nairobi Zinabamba Berlin, Komarock Hatuzijui: Shida Iko Wapi?

Msee, jipige picha hii. Ni saa moja jioni, umekaa kwa mat ya Komarock, jam ya Jogoo Road haisongi, na dere amepandisha arbantone mpaka vioo vinatetemeka. Hakuna ubaya hapo. Lakini nikikuuliza unitajie albamu mbili za wasanii wa Nairobi ambazo wakosoaji wa muziki huko Ulaya walizisifu sana mwaka wa 2020, utanitajia gani?

Ukikwama usijali. Wengi wetu tunakwama, na hiyo ndiyo stori ya leo.

Ya kwanza ni Peel, ya jamaa anaitwa KMRU. Aliitoa kupitia Editions Mego, lebo ya Vienna kule Austria. Hakuna mtu anaimba na hakuna biti ya kudansi. Ni sauti ndefu zinapanda na kushuka polepole, zimeshonwa pamoja na sauti anazorekodi mwenyewe akitembea na mashine yake. Wimbo wa mwisho pekee unapita dakika 20.

Ya pili ni Duma, ya kundi lenye jina hilo hilo: Martin Khanja na Sam Karugu, vijana waliotoka kwa metal ya Nairobi. Hiyo nayo ni fujo tupu, mayowe juu ya ngoma za kompyuta zinazokimbia kuliko nganya imechelewa. Ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kabla yao, mwaka wa 2018, prodyuza mwingine wa Nairobi, Slikback, alikuwa ameshatoa Lasakaneku kupitia Hakuna Kulala, lebo dada ya hao hao wa Kampala.

Sasa angalia ramani. Msanii ni wa Nairobi, lebo ni ya Kampala ama Vienna, na msikilizaji yuko Berlin. KMRU mwenyewe alihamia huko Berlin. Eastlands iko wapi kwa hiyo ramani?

"Hiyo ni ya wazungu"

Najua utasema hivyo. Mbogi yako pia itasema hivyo ukiweka Peel kwa spika pale base. Lakini rudi nyuma kidogo.

Miaka ya 1970, Nairobi ilikuwa na bendi inaitwa Black Savage. Gitaa za roki, sauti za kuelea, na ndani yake Dholuo. Walikuwa na wimbo unaitwa Kothbiro, maana yake mvua inakuja. Ulitungwa na James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Mwaka wa 1993 Ogada akaurudia na nyatiti kwa albamu yake En Mana Kuoyo, chini ya Real World, lebo ya Uingereza. Mwaka wa 2005 ukaingia kwa filamu ya The Constant Gardener. Halafu 2018 Kanye West akautumia kwa ngoma yake Yikes, na ghafla Twitter yote ya Kenya ikaamka: kumbe hii ni yetu!

Ilikuwa yetu miaka zaidi ya 40. Tulingoja Mmarekani atuambie. Ogada akafariki Februari 2019, chini ya mwaka mmoja baada ya hizo kelele zote.

Kwa hivyo muziki wa ajabu haukuletwa na ndege. Ulizaliwa hapa, ukasahaulika hapa, na ukahifadhiwa kwingine. Na tukiendelea hivi, Peel na Duma zitapitia njia hiyo hiyo. Mwaka wa 2060 mtoto wako atazisikia kwa ngoma ya mtu wa Atlanta, ndio akuulize kama unazijua.

Mguu wa ganji

Usidhani ni suala la ladha tu. Kuna pesa hapa.

Spotify iliingia Kenya Februari 2021. Tangu 2024 wana sheria kwamba wimbo usiposikilizwa angalau mara 1,000 kwa miezi 12, haulipwi kitu. Kwa staa hiyo ni dakika chache. Kwa mtu anayetengeneza sauti za dakika 20 kwa bedroom, hiyo inaweza kuwa mwaka mzima bila shilingi.

Ndio maana wengi wao wako Bandcamp. Pale unanunua albamu yenyewe, na Bandcamp inakata asilimia 15 kwa muziki wa kudownload. Albamu ikiuzwa dola 5, dola 4 na senti 25 zinabaki upande wa msanii au lebo kabla ya ada za malipo.

Lakini tuambiane ukweli. Dola 5 ni zaidi ya 600 bob. Hiyo ni nauli ya siku kadhaa kutoka Komarock hadi tao. Pia Bandcamp inataka kadi ama PayPal, na wasee wengi mtaani wako na M-Pesa pekee. Kwa hivyo lawama si yako peke yako. Muziki wa Nairobi umewekwa kwa duka ambalo kijana wa Nairobi hawezi kulipa vile anazoea. Wasanii na lebo wakitaka mtaa, wafikirie bei ya mtaa na njia ya kulipa ya mtaa.

Sasa ufanye nini?

Kusikiliza hakuhitaji kadi. Albamu nyingi Bandcamp unaweza kuzisikia kabla ya kununua. Anza na Ogada, ni mlaini kwa masikio. Kisha Peel, usiku, na earphones, taa zikiwa zimezimwa. Duma weka siku umekasirika.

Ukiwa na Jumamosi, enda Kenyatta Market, stoli 570. Utampata James Rugami, maarufu kama Jimmy, na santuri za zamani zimejaa mpaka kwa ukuta.

Halafu angalia nyumbani kwenu. KMRU jina lake halisi ni Joseph Kamaru, kama guka yake, yule nyota wa benga ya Kikuyu aliyefariki Oktoba 2018. Mjukuu anafanya muziki ambao pengine guka hangeuita muziki, lakini ni yeye huyo aliyechukua rekodi za mzee na kuziweka Bandcamp zisipotee. Hakungoja jumba la makumbusho wala serikali.

Hapo ndipo naona jibu. Kuna kaseti kwa katoni chini ya kitanda cha mzazi wako pale Phase 3, na siku ya kuhama itatupwa. Kabla itupwe, uliza ni ya nani, ilirekodiwa wapi, na kama kuna mtu mwingine anayo. Pengine ni nakala ya mwisho. Crate diggers wa Ulaya hupanda ndege kuja kutafuta kitu kama hicho, na wewe umekilalia.

Nyumbani kwenu kuna kaseti ama santuri gani? Tuambie kabla mtu wa Berlin atuambie.