Muuza spea, acha kuandika "inaingia bila shida"

Wauza spea wenzangu wa mtandaoni, hayo maneno naomba tuyaache. Mimi nauza pistoni, ringi na beringi zisizo jenuini, na nasema wazi: spea kuingia siyo spea kukaa sawa.

Chukua 1NZ ya Toyota IST. Silinda yake ni milimita 75. Wengi huanzia kwenye hesabu ya upana mara 0.004, yaani pengo la ringi la milimita 0.30 hivi, halafu kitabu cha injini ndicho kinaamua. Pengo likiwa dogo mno, ringi ikipata moto inatanuka, ncha zinagongana, silinda inachubuka. Beringi nayo ikibana inakosa oili. Ikilegea, presha ya oili inashuka, injini inaanza kugonga.

Mteja mwenyewe mara nyingi ni dereva wa teksi mtandao. Injini ikifa, nyumbani hakuna hela ya kula, na lawama zinakuja kwako.

Kwa hiyo:

1. Kabla ya bei, uliza aina ya injini na kama krenki au silinda imeshachongwa.
2. Andika saizi kwenye posti: STD, 0.25 au 0.50.
3. Mwambie fundi wake apime kwa fila geji kabla ya kufunga.
4. Kubali kubadilisha spea ambayo haijafungwa.

Utasema unachelewesha mauzo. Sawa, dakika tano tu. Mteja aliyeunguza injini harudi kabisa.