Lenzi kuukuu za sinema: faida iko kazini, si kabatini

BEI za lenzi kuukuu za sinema, zile zisizovuta picha na zenye kuingiza mwanga mwingi, zimepanda mno tangu kamera za dijitali zishike soko. Baadhi ya wenye akiba ndogo wanazitazama kama viwanja: nunua leo, funga, uza kesho. Hesabu hiyo ina kasoro.

Kilichopandisha bei ni bidhaa chache kugombewa na wateja wengi. Canon ilitengeneza lenzi za K35 miaka ya 1970, na seti zilizobaki ni chache. Zilipoingia kamera zenye kihisi kikubwa, kama Alexa LF ya mwaka 1918+100, yaani 2018, K35 zikapata soko jipya kwa kuwa nyingi zinajaza picha yote. Super Speed za Zeiss za enzi hiyohiyo zinapendwa pia, lakini hazijazi kihisi hicho. Asiyejua tofauti hiyo atalipia jina tu.

Tena ghala si tupu kama madalali wanavyodai. Canon ilipoanzisha mfumo wa EOS mwaka 1987, lenzi zake za FD za picha za kawaida zilikosa kamera mpya, zikauzwa kwa bei ya kutupa. Leo mafundi wanazivika ganda la kisinema, nazo zinakodishwa kama mbadala wa bei nafuu.

Kufungia nako kuna hasara. Katika joto na unyevunyevu wa pwani, lenzi iliyokaa gizani huota kuvu. Kuvu ikishakula utando wa kioo, kusafisha hakurudishi kilicholiwa, na mnunuzi atakata bei.

Mwaka 1975 ilitoka filamu ya Barry Lyndon. Stanley Kubrick alikuwa amenunua lenzi 3 kati ya 10 za Zeiss za f/0.7, akapiga picha kwa mwanga wa mishumaa. Sifa ya lenzi hizo kwa watu wa sinema ilitokana na kazi hiyo.

Mwenye mtaji mdogo anunue seti kamili yenye rangi zinazolingana, maana lenzi moja moja haina soko zuri. Fundi aikague kwanza, kisha ikodishwe. Asiye na wapiga sinema wa kuwakodisha, fedha yake aipeleke kwingine.