Hizo Taa Zina Mwenyewe, Tuambiwe Ni Nani

Wasee wa Kericho na Bomet, tuongee. Kila baada ya miezi kadhaa ile video inarudi: mtu amesimama kando ya majani chai, simu inatetemeka, na huko juu taa zimejipanga mstari mmoja kama garimoshi linavuka anga. Halafu komenti zinaanza. Mmoja anasema ni Yesu anarudi. Mwingine ni jeshi la Marekani. Wa tatu anaandika UFO, na huyo ndiye anapendwa zaidi.

Mimi video ndio kazi yangu tangu niachane na chuo, kwa hivyo najua vizuri kwa nini "UFO Bomet" inauza kuliko "setilaiti Bomet". Lakini msimamo wangu ni huu: karibu kila moja ya hizo taa ina mwenyewe anayejulikana, kuna ofisi ya serikali ambayo kazi yake ni mambo ya anga za juu, na hiyo ofisi iko chini ya Wizara ya Ulinzi. Inaitwa Shirika la Anga za Juu la Kenya, lilianzishwa 2017. Sisi tunabishana kuhusu viumbe wa sayari zingine badala ya kuwauliza hao watu maswali.

Huo mstari wa taa ni setilaiti za Starlink. Zikiwa zimetoka tu kurushwa huwa zinafuatana karibu karibu, kabla hazijasambaa na kupanda hadi kama kilomita 550. Kule juu jua bado linazipiga wakati huku chini giza limeshaingia, ndiyo maana utaziona jioni mapema ama alfajiri. Sasa niambie, nani yuko nje alfajiri kwetu? Si mimi, mimi niko kwa blanketi. Ni mama anayeenda kuchuma majani. Kogo akiona hiyo kitu na arudi nyumbani mbio, usimcheke. Ameona kitu cha ukweli na hakuna mtu aliwahi kumwambia ni nini. Siku aliyorudi, kilo zake hazikupimwa. Na kinachonichekesha ni kwamba Starlink inauza intaneti Kenya tangu 2023, kwa hivyo inawezekana kabisa kuna msee anapakia video ya UFO akitumia intaneti ya hiyo hiyo UFO.

Na anga yetu haijaanza kuchezewa jana. Miaka ya 1960 roketi zilikuwa zinafyatuliwa hapa Kericho kujaribu kuvunja mvua ya mawe isiharibu chai. Wazee wako waliona hizo, waulize. Halafu 2020 zikaja puto za Loon, kampuni ya ndugu moja na Google, zikileta intaneti pamoja na Telkom Kenya. Zilikuwa zinaelea kama kilomita 20 juu, na kwenye orodha ya maeneo zilizohudumia, Kericho na Bomet tulikuwa ndani. Puto kubwa kama uwanja wa tenisi, jua likizama linang'aa peke yake huko juu. 2021 mradi ukafungwa, puto zikaondoka. Ukiuliza vijana wa stage sai, wangapi wanajua hiyo stori?

Sasa kuna watu watasema, wewe acha watu wafurahie, taa haziumi mtu. Ni sawa, taa haziumi. Lakini tarehe 30 Desemba 2024, saa tisa mchana, pete ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Upana wake mita 2.5, uzito karibu kilo 500. Mungu ni mkubwa, haikugonga mtu. Lile shirika likafika, likaichukua, na ndani ya siku mbili likatoa taarifa kwamba inaonekana ni kipande cha roketi. Hapo nawapa heshima yao, walifanya kazi.

Shida ni kile kinachofuata. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha chombo italipa hasara yoyote kitakacholeta ardhini, hata kama haikuwa na uzembe. Lakini wewe mwananchi huwezi kudai kupitia huo mkataba peke yako, serikali yako ndiyo inadai kwa niaba yako. Na huwezi kudai kama hujui ni chuma cha nani. Kwa hivyo "hiyo ni nini?" si swali la watoto. Hiyo kitu ikianguka juu ya jikoni ya mtu Sotik, jibu lake ndilo litaamua kama analipwa ama anachangiwa na kanisa.

Jeshi likichunguza bila kuongea, tunajua matokeo. Marekani, jeshi lao la anga lilikusanya ripoti 12,618 za taa na vyombo kati ya 1947 na 1969, na 701 zikabaki bila jibu. Kumbe zingine zilikuwa ndege zao wenyewe za siri kama U-2. CIA ilikuja kukubali mwaka wa 1997 kwamba wachunguzi walijua, lakini umma ukaambiwa ni mambo ya hali ya hewa. Machi 2024 Pentagon ikatoa ripoti kwamba haijapata ushahidi wowote wa viumbe wa nje. Nani aliamini? Ukidanganya watu miaka hiyo yote, hata ukweli wako unakuwa tetesi.

Sisi bado hatujafika huko. Ninachotaka ni kitu rahisi: kundi la setilaiti likitarajiwa kupita juu yetu, ama chuma kikiwa njiani kurudi chini, shirika litume ujumbe mfupi, kwa Kiswahili na Kikalenjin, kwa redio na kwa chifu, wiki moja kabla ikiwezekana. Bei yake ni ndogo kuliko petroli ya kwenda Makueni.

Na wewe ukiona taa, kabla hujapost, andika saa, ilitoka upande gani ikaenda wapi, na kama ilikuwa inamweka. Ikimweka nyekundu na kijani, hiyo ni ndege. Ikikaa magharibi bila kusonga baada ya jua kuzama, pengine ni Zuhura. Ikiwa si hizo mbili wala mstari wa Starlink, niwekee hapo chini. Hizo ndizo nataka tuwapelekee waeleze.