Hakuna nauli, hakuna leseni

Agosti 2023, kwenye Uwanja wa Azam Complex, Chamazi, timu iliyotoka kupanda daraja iliingia uwanjani na wachezaji wanane. Ulikuwa mchezo wa kwanza wa Kitayosce, ambayo baadaye ilibadili jina na kuwa Tabora United, katika Ligi Kuu, na wengi wa waliosajiliwa walikuwa hawajapata leseni za kucheza. Hadi dakika ya 15 Azam ilikuwa na mabao manne, wachezaji wa wageni waliobaki hawakufika saba, na mwamuzi akalazimika kumaliza mchezo. Wapo waliolichukulia tukio lile kama kichekesho. Lawama zote zikatupiwa klabu, na aliyeipitisha ianze ligi katika hali ile hakuulizwa.

Kupanda daraja kwetu ni sherehe. Timu hupokewa kwa msafara wa pikipiki, viongozi wa mkoa hupanda jukwaani, ahadi humiminika. Miezi mitatu baadaye ratiba inatoka, na hapo ndipo klabu inapogundua kuwa ahadi hazijazi mafuta kwenye basi.

Ligi ya timu 16 ina safari 15 za ugenini. KenGold ya Chunya, iliyopanda mwaka 2024, ilikuta wapinzani wa Bukoba, Kigoma, Mwanza, Tanga na Ruangwa. Tuseme msafara ni wa watu 28 na kila safari ni siku tatu. Kwa milo mitatu kwa siku, hizo ni sahani 3,780 za chakula kwa msimu mmoja, kabla ya kulipia malazi, dizeli, posho na dawa ya misuli. Hesabu hii haihitaji mtaalamu. Mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kuifanya siku timu inapopanda, na hakuna anayeilazimisha klabu kuifanya.

Mzigo huu haulingani kwa wote. Timu za majeshi zina kambi na wachezaji wengi wenye ajira. Timu za halmashauri zina bajeti, ingawa walipakodi nao wana haki ya kuhoji matumizi hayo. Timu ya uraiani iliyopanda kwa jasho la wilaya yake mara nyingi hutegemea mfuko wa mtu mmoja. Akichoka, klabu huyumba. Akipatikana mnunuzi, klabu huhama. Ihefu ya Mbarali leo ni Singida Black Stars, na mashabiki waliokuwa wakijaza uwanja kule Mbarali wamebaki na kumbukumbu.

Gwambina ilipanda mwaka 2020 ikashuka 2021. Mbeya Kwanza ikapanda 2021 ikashuka 2022. KenGold nayo haikuvuka msimu mmoja. Hatusemi kwamba zote zilishushwa na ukata, kwani kuzidiwa uwanjani nako kupo. Lakini hata Biashara United ya Mara, iliyokuwa imekwishazoea ligi, Oktoba 2021 ilishindwa kufika Libya kwa mchezo wa marudiano wa Kombe la Shirikisho Afrika, ilhali ilikuwa inaongoza mabao 2-0. Msimu huohuo ikashuka daraja.

Zamani kisingizio kilikuwepo. Msimu wa 2018/19 ligi ilikuwa na timu 20, kila moja na safari 19, na haikuwa na mdhamini mkuu. Leo kuna mkataba wa haki za matangazo wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, uliosainiwa mwaka 2021, na mdhamini mkuu yupo. Kusema ligi haina fedha hakukubaliki tena. Kilichopungua ni usimamizi, na usimamizi una wenyewe: Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) na Bodi ya Ligi.

Leseni ya klabu isiwe karatasi ya kugonga mhuri. Timu inayopanda ionyeshe gharama ya safari zake zote 15 pamoja na fedha za angalau nusu ya msimu zikiwa benki. Ahadi ya mwanasiasa isihesabiwe kuwa mapato. Fedha za matangazo zitolewe mapema, na sehemu yake itengwe kwa usafiri na malazi ili isiishie kulipa madeni ya usajili. Klabu isiyoweza ibaki Championship, hata kama mkoa mzima utanung'unika. Ni afadhali manung'uniko ya Mei kuliko wachezaji wanane Agosti.

TFF na Bodi ya Ligi zichapishe majina ya klabu zilizotimiza masharti hayo, pamoja na jina la ofisa aliyezithibitisha. Ratiba ya msimu ujao isitolewe kabla orodha hiyo haijawekwa hadharani.