Pimeni kolesteroli kabla ukuta haujapasuka

Baada ya mazishi mengi siku hizi utasikia waombolezaji wakisema, "Alikuwa mzima kabisa, jana tu tulikuwa naye." Maneno hayo hutamkwa kana kwamba ni kitendawili. Kwa maoni yangu si kitendawili, na wahandisi wa mabwawa ya umeme wanalijua jibu.

Mnamo Juni 5, 1976, bwawa la Teton katika jimbo la Idaho, Marekani, lilibomoka likijazwa maji kwa mara ya kwanza. Lilikuwa ukuta wa udongo wa kimo cha mita 93 hivi, uliokusudiwa kuleta umeme na maji ya mashamba. Asubuhi hiyo watu waliona maji ya matope yakivuja. Kabla ya saa sita mchana, ukuta ulikuwa umepasuka. Watu 11 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba maji yalipitia nyufa za mwamba yakaukokota udongo laini kutoka ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana.

Mishipa ya moyo nayo huharibikia ndani ya ukuta wake. Wengi hudhani kolesteroli huziba mshipa kama mafuta yanavyoziba bomba la jikoni. Sivyo. Kolesteroli yenyewe si sumu; ini huitengeneza, na mwili huitumia kujengea seli, homoni na nyongo. Balaa huja inapozidi. Chembe zinazoibeba katika damu, ziitwazo LDL, hupenya ndani ya ukuta wa mshipa. Seli za ulinzi huzimeza, hujaa mafuta na kufa, na uvimbe hukua chini ya utando mwembamba. Utando huo ukipasuka, damu huganda na kuziba njia. Mara nyingi uvimbe huo haukuwa umeubana mshipa sana, ndiyo maana mwenyewe hakusikia maumivu yoyote.

Wala tusidanganyike kwamba haya ni maradhi ya wanene peke yao. Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1985 kwa kugundua vipokezi vinavyoiondoa LDL katika damu. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa vipokezi hivyo, wawe wembamba au wanene. Wengine wetu huvipunguza wenyewe kwa nyama yenye mafuta mengi na mafuta ya kupikia yanayoganda.

Wahandisi hawangoji ukuta utoe matope. Hufukia vipimo ndani ya bwawa tangu ujenzi na kuvisoma kwa ratiba, hata ukuta unapoonekana imara. Sisi tunaoishi mjini hupeleka gari kukaguliwa, lakini damu yetu hatuipimi hadi tulazwe.

Kuna watakaosema kupima ni gharama. Ni kweli, lakini kulazwa kwa ugonjwa wa moyo ni gharama kubwa zaidi. Dawa za kupunguza kolesteroli, ziitwazo statini, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2007. Zahanati inayompima mtu shinikizo la damu na sukari ingefaa impime na kolesteroli pia.

Ikiwa umefika miaka 40, au una kisukari, unavuta sigara, au jamaa yako alikufa ghafla angali kijana, usingoje dalili. Ukuta ukianza kuvuja, muda uliobaki huwa ni wa saa chache tu.