Wagombea Wote Jukwaa Moja

Mwaka 1965 mgombea ubunge wa Tanzania Bara hakuruhusiwa kufanya mkutano wa kampeni peke yake. Nchi ilikuwa ya chama kimoja, na karibu kila jimbo TANU ilipitisha majina mawili: mmoja akapewa alama ya jembe, mwenzake nyumba. Wawili hao walizungushwa jimboni pamoja, wakapandishwa jukwaa moja, wakapewa muda sawa, kisha wananchi wakawauliza maswali. Kuomba kura kwa kabila, dini au rangi kulipigwa marufuku, na lugha ya mkutano ilikuwa Kiswahili. Kura zilipohesabiwa Septemba ile, mawaziri wawili walikuwa wameanguka, mmoja wao Paul Bomani, Waziri wa Fedha.

Historia hiyo inafaa kukumbushwa huku Kagera, kwa sababu mdahalo wa wagombea ukitajwa leo watu huuona kama mambo ya televisheni, ya Wamarekani na ya wakubwa wa Dar es Salaam. Kumbe wazee wetu walishawasikiliza wagombea wakijibu swali moja, uwanja mmoja, saa moja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 tulipata haki ya kuchagua kati ya vyama, lakini njiani tukaacha haki ya kuwaona wagombea wamesimama pamoja. Nadhani tuidai tena, na tuanzie chini kabisa, kwenye uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji. Rusumo inaonyesha kwa nini.

Rusumo, kwenye mpaka wetu na Rwanda, inajulikana kwa mambo makubwa. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban robo milioni ya wakimbizi wa Rwanda walivuka hapa kwa muda wa siku moja hivi, wakaelekea kambi ya Benako. Mwaka 2016 marais Magufuli na Kagame walizindua kituo cha pamoja cha forodha, na malori yanayokwenda Kigali hupita mlangoni petu mchana na usiku. Maporomoko ya Mto Kagera yamejengewa mtambo wa megawati 80 unaogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na laini ya upande wetu inafika Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Mambo hayo yote huamuliwa mbali, na mwenyekiti wa kijiji haulizwi.

Anaulizwa mengine, na hayo ndiyo yanayomgusa mtu nyumbani kwake. Chukua barua ya utambulisho. Kijana anayetafuta kitambulisho cha taifa lazima atambuliwe na uongozi wa anakoishi. Kwa mkazi wa Dodoma huo ni muhuri tu, anaufuata asubuhi na mchana ameshausahau. Kwa Mhangaza wa Rusumo mambo ni tofauti. Lugha yake inasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda, matamshi yake yanaweza kumtia mashakani, na Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, ya kuwaondoa wahamiaji haramu, bado inakumbukwa na familia zilizoguswa. Mwenyekiti akisema “huyu simfahamu”, mtu anaweza kugeuka mgeni kwenye shamba la babu yake.

Kuna ardhi pia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na ugawaji wake unataka ridhaa ya mkutano mkuu. Katika ukanda huu wakulima na wafugaji wanabanana, Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyoanzishwa mwaka 2019 iko jirani, na kila kipande cha kando ya barabara kuu kina mtu anayekitaka kwa gereji, kwa nyumba ya wageni au kwa maegesho ya malori. Muhuri wa kijiji hapa una thamani kubwa kuliko unavyoonekana ukiwa Dodoma.

Sasa tazama tunavyomchagua anayeushika muhuri huo. Mwaka 2024 kampeni za serikali za mitaa zilikuwa za siku saba, tarehe 20 hadi 26 Novemba, na kura ikapigwa tarehe 27. Ratiba za mikutano hupangwa ili vyama visigongane uwanjani. Kwa ajili ya amani, mpango huo ni mzuri. Matokeo yake ni kwamba mwananchi anaweza kumaliza kampeni nzima bila kuwaona wagombea wawili wakiwa mahali pamoja hata mara moja.

Mikutano yenyewe tunaijua. Gari la matangazo linatangulia, muziki unapigwa mpaka watoto wanajaa, kofia na fulana zinagawiwa. Anapanda kiongozi wa kata, anafuata wa wilaya, kila mmoja na salamu zake ndefu. Jua linapokaribia kuzama ndipo mgombea anaitwa, ananyanyuliwa mkono, anaombewa kura na watu wasioishi kijijini. Anasema sentensi tano, sita. Maswali hakuna, muda umekwisha. Hapo mpiga kura ameuziwa mbuzi kwenye gunia, tena akapewa na fulana ya kumsindikiza.

Mkutano wa pamoja unabadilisha jambo moja dogo lenye uzito mkubwa. Tuseme mama mmoja anasimama na kuuliza: “Vile viwanja vya kando ya barabara vilivyogawiwa, muhtasari wa mkutano mkuu uliovipitisha uko wapi?” Mgombea aliye peke yake atajibu kwamba ni swali zuri na atalifuatilia. Akiwa amekaa pembeni ya mpinzani aliyekuwa mjumbe wa halmashauri ileile, jibu hilo halipiti. Mwenzake anaweza kusema kikao hakikukaa. Naye anaweza kugeuziwa kibao: wewe ulikuwapo, mbona ulisaini? Kwa dakika mbili hizo kijiji kinajifunza kuhusu viongozi wake mambo ambayo hotuba za wiki nzima zisingeyatoa.

Faida hii imepimwa. Kwenye uchaguzi wa mwaka 2012 nchini Sierra Leone watafiti walirekodi midahalo ya wagombea ubunge katika majimbo 14, kisha wakaionyesha vijijini. Waliotazama walifahamu sera na wagombea zaidi kuliko wasiotazama, na kura zikasogea kuelekea waliofanya vizuri kwenye mdahalo. La kuvutia zaidi lilitokea baadaye: wabunge waliokuwa wameshiriki walitumia sehemu kubwa zaidi ya fedha za maendeleo ya jimbo kwa kazi iliyokusudiwa. Ahadi iliyotolewa mbele ya mpinzani na umati ina mashahidi, na mwenye kuitoa anajua.

Wapo wenye wasiwasi, na hoja zao zina uzito. Ya kwanza ni kwamba mdahalo humbeba msemaji hodari na kumwangusha mchapakazi asiye na maneno mengi. Ni kweli kwenye ukumbi wa mjini wenye kamera. Kijijini watu wanafahamiana. Wanajua nani alichangia msibani, nani alihamisha mpaka wa shamba, nani alikula fedha za choo cha shule. Ulimi mtamu hauwezi kufuta hayo yote kwa saa mbili. Lugha pia isimzuie mtu: bibi anayeuliza kwa Kihangaza atafsiriwe, asizomewe.

Ya pili ni uendeshaji. Msimamizi msaidizi wa uchaguzi ni mtumishi wa umma, na mtendaji wa kijiji atafanya kazi na mshindi kesho yake. Kumkabidhi mmoja wao kipaza sauti ni kumtafutia lawama. Afadhali mkutano uongozwe na mwalimu mstaafu au na viongozi wa dini wawili kwa pamoja, watu ambao wagombea wote wamewakubali mapema.

Ya tatu ndiyo ngumu. Anayejiona ameshashinda hana haja ya kuja. Mwaka 1995 wagombea urais Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo walijadiliana mbele ya kamera, na wengi wetu tukadhani desturi imeanza. Mwaka 2010 CCM iliwazuia wagombea wake kushiriki midahalo. Mwaka 2015 mdahalo wa urais ulifanyika bila Magufuli na bila Lowassa, yaani bila wawili waliokuwa wakiwania nafasi kweli. Jirani zetu Kenya walimwona Raila peke yake jukwaani mwaka 2017, kisha Ruto peke yake mwaka 2022. Fundisho ni moja: mdahalo ukiachwa kwenye hiari ya wagombea utakufa kila mara kwa mkono wa aliye mbele. Mwaka 1965 wagombea hawakuja kwa hisani yao. Utaratibu uliwalazimisha.

Hata hivyo tusidanganyane kuhusu mwaka huo. Majina mawili yaliyopanda jukwaani yalikuwa yamechujwa na chama. Jukwaa lilikuwa pana, mlango wa kulifikia ulikuwa mwembamba. Leo mlango unasemekana ni mpana, lakini tazama yaliyotokea: mwaka 2024 wapinzani walilalamika kwamba wagombea wao wengi wameenguliwa kwa kasoro za fomu, na CCM ikatangazwa mshindi wa zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, mitaa na vitongoji. Oktoba 2025 CHADEMA haikuwemo kabisa kwenye uchaguzi mkuu. Asiye na chama hawezi kugombea hata kitongoji, ingawa Mahakama ya Afrika iliamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki. Mdahalo hautibu ugonjwa huo. Atakayesema tupate jukwaa kwanza, wagombea watajileta wenyewe, anafunga mkokoteni mbele ya punda.

Lakini sikubali kwamba tusubiri mlango ufunguliwe ndipo tudai jukwaa, kwa sababu mkutano wa pamoja una kazi hata pale ambapo jina limebaki moja. Kanuni za mwaka 2024 ziliondoa kupita bila kupingwa: mgombea pekee alipigiwa kura ya ndiyo au hapana. Anayeombwa aseme ndiyo ana haki ya kuuliza kabla ya kutumbukiza karatasi. Bila maswali, kura hiyo ni saini juu ya karatasi tupu.

Kwa hiyo TAMISEMI, inayotunga kanuni za uchaguzi wa serikali za mitaa, iandike mambo matatu kabla ya uchaguzi ujao wa mwaka 2029. Ndani ya siku saba za kampeni kila kijiji kiwe na mkutano mmoja wa pamoja, na wagombea wote wa uenyekiti walazimike kufika, akiwemo aliye peke yake. Nusu ya muda iwe ya maswali ya wananchi. Na ahadi ziandikwe kwenye muhtasari unaobaki ofisi ya kijiji, wazi kwa yeyote kuusoma. Gharama yake ni viti, kipaza sauti na daftari.

Wakati kanuni zikisubiriwa, wanakijiji wa Rusumo na wa Nyakanazi wana chombo mkononi. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wake. Mwenyekiti aliyechaguliwa Novemba 2024 bado yupo ofisini, na wale aliowashinda bado wanaishi jirani. Kikao kijacho kiombwe kiwe na ajenda ya ardhi na barua za utambulisho, mapato na matumizi yasomwe kwa sauti, na walioshindwa wapewe nafasi ya kuuliza kama wajumbe wengine. Kijiji kitakachozoea kumhoji mwenyekiti wake mbele ya wapinzani wake hakitakubali, mwaka 2029, mgombea anayekuja kunyanyuliwa mkono na kuondoka.